Maji Hayajakubali

Bukoba, 12 Februari 1989

Ndugu yangu Kirit,

Mawe yamefika. Nayaita mawe kwa kukosa neno bora. Ni mifupa ya matumbawe yaliyokufa zamani, lakini katika matundu yake wanaishi minyoo, sponji, mwani na bakteria wasiohesabika. Ulivyoyafunga kwa magunia mabichi ndivyo yalivyoshuka melini, na wachukuzi wa bandarini wameapa kwamba nimeagiza maiti.

Tangi la kioo limesimama pale palipokuwa na rafu ya sukari. Baba yako alisimamia kazi akiwa ameketi juu ya kreti ya soda, akitoa amri kama jemadari. "Duka likikosa sukari," alisema, "na liwe na bahari." Tangu alipoliona lile tangi la Mombasa, kwenye harusi ya binamu yako, amekuwa akilisimulia kwa kila mteja. Sasa anawaambia wasubiri. Shangazi yako Gangaben yeye ameziba pua kwa upande wa sari. "Profesa," ameniambia, "senene wakioza wananukia kuliko chuo kikuu chako."

Harufu hiyo ndiyo kazi yenyewe. Baadhi ya viumbe wamekufa njiani. Wanapooza hutoa amonia, sumu isiyovumiliwa na samaki yeyote. Bakteria wa kundi la kwanza huila amonia na kuigeuza nitraiti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili huila nitraiti na kuacha nitreti, ambayo samaki huishi nayo. Kazi yangu ni kupima maji kila asubuhi kwa matone ya rangi, na kungoja. Maji ni ya mvua, chumvi ni ile iliyotumwa na binamu yako wa Uingereza, na vyote nimevichanganya katika pipa la mbao nililolichukua nyumbani kwetu Kamachumu, kwa dada yangu Kokubanza, kwa kuwa mapipa ya bati ya hapa dukani yana kutu.

Sasa hoja yako. Unasema uje na samaki wawili wagumu sasa hivi, ili uchafu wao uyakomaze maji, na wakifa, basi, ni wawili tu. Nimeisoma mara mbili ili niitendee haki, na bado ni hoja ya mtu anayevuka mto kwa kukanyaga migongo ya wenzake. Tabia ya kumtanguliza mnyonge sumuni ili wengine wapite salama tumeiona vitani. Sioni sababu ya kuiingiza katika elimu ya viumbe. Mawe pekee yanatosha. Nipe muda nami nitakuthibitishia, na siku utakayokuja utatamka mbele ya baba yako kwamba ulikosea.

Lameki


Dar es Salaam, 24 Februari 1989

Lameki, mbishi wangu,

Tangu shuleni hujabadilika: mtu akikuuliza saa, unamweleza jinsi saa ilivyobuniwa. Haya, nimekubali tupimane. Nitakuja Pasaka na samaki wanne, nao wataingia tangini mbele ya mashahidi. Wakiishi, nitatamka. Wakifa, utatamka wewe, tena kwa Kihaya, shangazi atafsiri.

Jambo moja tuseme bila utani. Barua za baba zimekuwa fupi, na mwandiko unatetemeka. Ya mwisho ilikuwa na mistari miwili tu: "Mimi mzima. Mawe mazuri." Wewe uko naye kila siku. Je, ni mzima kweli? Mimi ni mtoto wa pekee, Lameki, na mama hayupo. Unajua kwetu Wahindu mwana wa kiume ana kazi gani siku ya mwisho ya baba yake. Moto wa baba huwashwa na mimi tu. Sisemi ni karibu. Nasema usinifiche.

Nimechumbia, baba amekuambia? Familia ya Moshi. Wazee wao wanauliza maswali mengi kuliko polisi.

Kirit


Bukoba, 10 Machi 1989

Dada yangu Kokubanza,

Nakuandikia wewe kwa sababu siwezi kumwandikia ninayepaswa kumwandikia.

Mzee Suryakant, baba yake Kirit, anaisha. Mwili umebaki mabega na macho. Mjini hakuna aliyelitaja jina la ugonjwa, lakini wateja sasa huweka sarafu juu ya kaunta na kurudi nyuma, ili zisitoke mkononi mwao kuingia mkononi mwake. Aliupatia wapi, sikumuuliza. Yeye, aliyekataa kuufunga mlango wake hata mabomu yalipokuwa yakidondoka mjini humu, sasa anafunga saa nane mchana.

Nilimwambia namwandikia Kirit. Alinishika mkono. "Profesa, usithubutu. Kijana amechumbia. Nani atampa binti mtu ambaye baba yake kafa kwa hili? Wewe mwambie maji bado. Akiuliza tena, mwambie maji bado." Nikaahidi. Utasema ni ahadi ya kijinga, lakini mgonjwa ana haki juu ya siri ya mwili wake, na hoja hiyo sijaona pa kuivunjia.

Ningeishia hapa ningekuwa mtu mwema. Kuna la pili. Mawe yamekufa. Wiki ya tatu sponji zilianza kudondoka kama nyama iliyochemshwa, minyoo ikatoka matunduni ikalala chini, mwani wa zambarau ukawa mweupe. Nililaumu umeme unaokatika, nikalaumu chumvi, nikalaumu hata moshi wa ubani wa Mama Gangaben, naye akauzima. Jana niliinamisha pipa kumwaga masalio, jua likaingia ndani, nikaona kwenye mbao za chini ukungu wa kijani uliokaribia buluu. Mrututu, dada, ile chumvi ya shaba. Ni pipa la baba la dawa ya kahawa. Mimi mwenyewe nilikuwa nikilikoroga nikiwa mdogo, vidole vikibaki buluu hadi Jumapili. Nina shahada inayoeleza shaba inavyoua kila kiumbe cha bahari kisicho na uti wa mgongo, na nilichukua pipa lililolowa shaba kwa sababu nililiona siku zote pale nyumbani, likawa pipa tu.

Kirit anakuja Pasaka. Nitamwambia asije. Mzee ndivyo anavyotaka. Lakini nimejichunguza, na ninaona kwamba ahadi ya mzee imeniangukia kama shuka juu ya mtu aliye uchi.

Mdogo wako,
Lameki


Kamachumu, 15 Machi 1989

Lameki, mwana waitu, mdogo wangu,

Barua yako ni ndefu na mgonjwa ni mmoja. Nimeisoma nikiwa nimeketi, kwa sababu hatulimi. Huko Kishanda wamezika, jirani zetu wamezika, na jembe halishikwi siku za matanga, wewe unajua. Mwaka huu matanga yamepokezana hadi mvua imepita na maharage hatukupanda. Ndiyo habari ya huku.

Pipa ni pipa. Ungeniuliza ningekuambia, lakini huulizi, na hilo si jipya. Mawe yatanunuliwa mengine. Kuhusu mzee: mtu akikukataza kumwita mwanawe, mtii leo, na kesho umuulize tena. Mgonjwa hana neno la mwisho mpaka afe. Usijifiche nyuma ya neno lake la kwanza.

Na mwombe msamaha yule mama wa ubani.

Kokubanza


Bukoba, 18 Machi 1989

Ndugu Kirit,

Naandika upesi, ili barua ikuwahi kabla hujakata tiketi. Usije Pasaka. Amonia bado iko juu; asubuhi hii matone yaligeuka kijani kibichi. Mawe yanajitahidi, lakini umeme unakatika na kila ukikatika tunarudi nyuma. Ukileta samaki sasa utawaua, kisha utanitangazia ushindi kwa maiti zao, jambo ambalo si la haki katika mjadala wowote.

Baba yako anakusalimu. Amepungua kidogo kwa joto. Anasema tangi ni zuri.

Maji hayajakubali. Yakikubali nitakuita mara moja.

Lameki


Dar es Salaam, 2 Aprili 1989

Lameki,

Haya. Nilikuwa nimekwisha kuomba likizo, nimeirudisha. Samaki nimewaacha kwenye beseni la mvuvi mmoja wa Kunduchi, anawalisha kamba na kunidhihaki.

Ningekuja hata bila samaki, lakini baba ameniandikia mstari mmoja: "Msikilize Lameki." Kwa hiyo nakusikiliza. Umekuwa mlinzi wa mlango wa nyumba yetu. Ukisema njoo, nakuja. Usiponiambia, nakaa. Nakuamini kuliko ninavyoamini matone yako ya rangi.

Kirit


Bukoba, 27 Aprili 1989

Dada Kokubanza,

Nilimuuliza tena, kama ulivyosema. Safari hii hakunishika mkono, kwa sababu wake hauinuki tena. Alitazama dari, akasema, "Mwite mwanangu." Nikamuuliza, "Na wale wa Moshi?" Akasema, "Moshi waniache. Mwite." Mama Gangaben alilia, akaenda kuanika godoro la Kirit juani. Meli ya kwanza ilipoingia tangu hapo alipika bateta, viazi vyao vya viungo, akaketi mlangoni na sahani imefunikwa. Kirit hakushuka, na asingeshuka, kwa sababu sijapeleka telegramu.

Ngoja nieleze kabla hujanihukumu. Nimekwisha agiza mawe mengine kwa rafiki yangu wa Tanga. Yamo njiani. Tangi nimelisugua, maji mapya nimeyaweka katika mitungi ya udongo. Kirit akiingia leo atakuta kaburi jeupe penye rafu ya sukari, na kitu cha kwanza atakachojua ni kwamba tangu Machi nimemdanganya. Akija mawe mapya yakiwa ndani, nitaweza kumwambia yote kwa utaratibu, mambo yakiwa angalau na sura. Nasema ni suala la meli moja au mbili. Mzee jana alikunywa uji. Daktari hakutaja siku.

Najua jinsi maneno haya yanavyosikika. Nimeyaandika nikitumaini kwamba kwenye karatasi yatasikika vizuri zaidi.

Lameki


Kamachumu, 4 Mei 1989

Lameki,

Hayasikiki vizuri.

Unamngojesha mtu anayekufa ili ushinde ubishi wa samaki. Nimeandika sentensi hiyo nikaisoma kwa sauti, mbuzi wamegeuka kunitazama.

Marehemu mume wangu alimwita kaka yake siku nne. Waliokuwa na baiskeli walisema kesho, kwa sababu kulikuwa na mnada wa kahawa. Mimi ndiye niliyekuwa nikimjibu, "Yuko njiani, yuko njiani." Sitaki huyo mama wa Kihindi ajibu neno hilo hata mara moja zaidi.

Posta iko karibu na duka. Vaa viatu.

Kokubanza


TELEGRAMU
Kutoka Bukoba, 6 Mei 1989
BABA MGONJWA SANA NJOO UPESI LAMEKI


Bukoba, 15 Mei 1989

Dada yangu,

Mzee alifariki Jumanne, tarehe tisa, mchana, watoto wa shule wakipita barabarani wanaimba. Kirit alikuwa bado kwenye treni.

Hatukuweza kungoja. Wahindu waliobaki mjini wanatosha kujaza benchi moja, na wote ni wazee. Mzee Rajabali wa duka la baiskeli, ambaye ni Mwislamu, ndiye aliyetafuta kuni na kulipia lori, akifoka kwa kila mtu ili asilie. Tulimpeleka marehemu kule ufukweni Wahindu wanakochomea maiti zao. Kuni zilipokwisha pangwa tukakwama, kwa sababu moto huwashwa na mwana, na mwana hakuwapo. Mmoja wa wazee alitaka kuushika mwenge. Mama Gangaben akamzuia, akanigeukia mimi, akasema kwa Kihaya safi kuliko changu kwamba nyumba hii ilikuwa na kijana mmoja tu tangu Februari. Akautia mwenge mkononi mwangu.

Nilitaka kumwambia. Niliufungua mdomo, dada. Watu wote walikuwa wakinitazama kwa huruma, wakidhani nimezidiwa na majonzi. Nikalizunguka rundo lile la kuni kama walivyonielekeza, mimi mwana wa Kilutheri, nikawasha. Nilichukua cha Kirit kwa mkono huu huu uliomchelewesha.

Alifika Alhamisi. Nilikuwa bandarini. Alishuka na begi moja, na nyuma yake wachukuzi walikuwa wakishusha boksi langu la mawe kutoka Tanga. Mawe hai kabisa. Aliniuliza, "Yuko wapi?" Nikamwonyesha ziwa. Alielewa. Hakunipiga wala hakunikumbatia. Alikwenda ufukweni kwa miguu.

Amekaa na shangazi yake siku za msiba. Nikiingia anatoka. Jana amerudi Dar na majivu, na shangazi amefuatana naye. Ufunguo wa duka ameniachia mezani. Mawe bado yako ndani ya boksi.

Lameki


Bukoba, 11 Juni 1989

Ndugu Kirit,

Sijui kama bado nina ruhusa ya kukuita hivyo. Nakuandikia kwa sababu ulipokuwa hapa hukunipa nafasi ya kusema, na ninakiri kwamba sikuitafuta kwa bidii.

Mawe yako yalikufa mwezi Machi. Niliyaua mimi, kwa pipa lililokolea mrututu. Barua niliyokuandikia kuhusu amonia ilikuwa ya uongo. Matone hayakugeuka kijani, kwa sababu nilikuwa nimeacha kupima. Kuhusu samaki wako wawili sina tena haki ya kusema lolote.

Lakini pana jambo lingine, na kwa hili naomba unisikilize kama mtu mwenye akili timamu. Baba yako alinikataza kukuambia hali yake. Alifanya hivyo kwa ajili yako na uchumba wako. Alinitaka niseme maji bado. Nilikuwa kati ya haki ya mzazi kutunza siri yake na haki ya mwana kujua, na si rahisi kama wasiokuwapo wanavyofikiri. Waandishi wa maadili wamelipima swali hili kwa karne nyingi bila kulimaliza. Ningekuandikia, ningelivunja neno lake. Nisipokuandikia, navunja lako. Nilichagua la mgonjwa. Huenda nilikosea, lakini nilikosea katika njia ambayo watu waaminifu hukosea.

Mwisho alilegea, nami nikapeleka telegramu.

Mwenge nilipewa na shangazi yako. Sikuuomba.

Lameki


Dar es Salaam, 25 Juni 1989

Lameki,

Nimeisoma. Mawe nimekusamehe, mtu yeyote angeweza kuyaua. Uongo wa amonia nao nimeukubali, maana nasikia sauti ya baba ndani yake. Ningekuwa wewe, akinishika mkono na kuniambia hivyo, labda ningeahidi pia. Ulipofika hapo nilikuwa nimekaribia kukuita ndugu.

Kisha nikasoma mstari huu: "Mwisho alilegea, nami nikapeleka telegramu." Katika barua nzima ya mtu anayeeleza kila kitu, huo tu ndio mstari usioelezwa.

Shangazi anasema alianika godoro langu. Anasema alipika kila meli ilipoingia, na meli zilikuwa nyingi. Nimemwambia amesahau, umri umekwenda. Amekasirika, amekataa kula. Sitaki kumwita mwongo mwanamke huyu, wala sitaki kukuita wewe hivyo kwa kubahatisha. Wale wa Moshi wamevunja uchumba, kwa hiyo hakuna tena wa kumlinda kwa siri.

Nauliza jambo moja. Baba alikuambia lini uniite? Usinipe hoja. Usinitajie waandishi. Nipe tarehe.

Kirit


Bukoba, 3 Julai 1989

Kirit,

Jumanne, tarehe 25 Aprili, asubuhi.

Posta ilikuwa wazi.

Lameki